Kinaa ni Hazina Isiyokwisha: Maana ya Methali na Mahali Pake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kugawa riziki kwa hekima Yake, akampa huyu kwa wingi na yule kwa kiasi, ili amjaribu kila mmoja kwa alichompa. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyelala juu ya mkeka mpaka alama zake zikaonekana ubavuni mwake, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Ni chache methali za Kiarabu zilizozoeleka katika vinywa vya watu wetu, wa mwambao na wa bara, kama hii: *Al-qanaatu kanzun la yafna*, yaani, kinaa ni hazina isiyokwisha. Mwalimu humwandikia mwanafunzi wake ubaoni. Mzee humliwaza nayo mjane. Na tajiri naye humjibu nayo mchukuzi wake anapodai ujira. Maneno ni yale yale katika vinywa vitatu. Lakini je, maana yake ni moja? Hili ndilo tunalotaka kulieleza katika kurasa hizi chache, nalo swali letu ni hili: je, yafaa mtu kumwambia mwenziwe aliyepungukiwa, "Kinai, ndugu yangu"? Na ikiwa yafaa, amwambie nani, na wakati gani?

Asili ya methali na maana ya neno lake

Jueni kwanza ya kwamba wengi huyanasibisha maneno haya na Mtume (s.a.w.), na wengine huyanasibisha na Sayyidna Ali (r.a.). Maulamaa wa hadithi wameichungua sanadi yake wakaiona ni dhaifu. Basi mtu asiseme kwa kukata, "Mtume amesema hivi," bali na aseme kuwa ni neno la hekima. Walakini maana yake ni sahihi, kwani imethibiti katika Bukhari na Muslim, kwa mapokezi ya Abu Huraira (r.a.), ya kwamba Mtume alifundisha kuwa utajiri hauko katika wingi wa vitu, bali uko katika nafsi. Na imethibiti vile vile ya kuwa mwanadamu lau angalikuwa na bonde zima la dhahabu angalitaka la pili, wala hakuna kimshibishacho ila udongo wa kaburi.

Methali inasema hazina hii haiishi. Hazina nyingine twaziona zinavyokwisha. Njia ya misafara iliyopita hapa Mamboya kutoka Bagamoyo na Saadani kwenda Mpwapwa, Ugogo na Unyanyembe, ilikuwa njia ya pembe za ndovu, na walioifuata walidhani ndovu hawatakwisha. Reli ya kati ikaanzwa kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Kilosa, ikafika Kigoma mwaka 1914. Misafara ikanyamaza, na Mamboya ikabaki pembeni. Kisha ikaja katani, ikajaza mashamba ya Kimamba na Rudewa, hata katika mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000. Bei ikaanguka, na mashamba mengi yakarudi kuwa pori. Mwenye kuitia roho yake katika pembe ilikwenda na pembe, na mwenye kuitia katika katani ilianguka na katani. Bali mwenye kinaa hazina yake haikuwa katika vitu hivyo, ndiyo maana haikuondoka pamoja navyo. Hiyo ndiyo maana ya "haiishi," wala si kwamba mwenye kinaa hapatwi na njaa.

Tena tulitazame neno lenyewe. Sisi Waswahili tumelipokea kwa Waarabu tukasema "kukinai." Mtu aliyekula wali akashiba, akiletewa sahani ya pili, husema, "Nimekinai." Wala hapana amtazamaye mtu asiyeonja kitu tangu jana akasema, "Huyu amekinai." Basi lugha yetu yashuhudia ya kuwa kinaa ina uhusiano na kutosheka. Ni kweli walii aweza kukinai kwa tende moja na maji ya kisima. Lakini hiyo ni hukumu yake yeye juu ya nafsi yake. Si hukumu ya mwenye sahani juu ya asiye na sahani.

Waliyoyasema Waingereza katika maana hii

Wamisionari wa Kiingereza wa Church Missionary Society walijenga kituo chao hapa Mamboya katika miaka ile ile ya misafara, karibu na mwaka 1880. Basi katika milima hii ya Wakaguru walikutana watu wawili wageni, mtu wa pwani na methali zake za Kiarabu, na Mwingereza na methali zake, na kila mmoja akidhani hekima ni ya kwao peke yao. Lau wangaliketi wakalinganisha, wangaliona kuwa katika jambo hili wanakaribiana.

Mwingereza husema ya kuwa moyo ulioridhika ni karamu isiyokoma; na asili ya neno hili yaonekana katika Mithali zinazonasibishwa na Nabii Suleiman (a.s.), mlango wa kumi na tano. Husema tena ya kuwa kata koti lako kwa kadiri ya kitambaa chako. Nasi twaelewa, kwani mshonaji kanzu naye hafanyi vinginevyo. Husema kuwa majani ya ng'ambo ya ua huonekana mabichi kuliko ya hapa, nasi katika maana iliyo karibu na hiyo twaonyana, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Na methali yake ya nne, iliyomo katika mkusanyo wa John Heywood uliopigwa chapa mwaka 1546, ni hii: kinachotosha ni chema sawa na karamu.

Zingatieni tofauti. Mwarabu ameifananisha kinaa na hazina, na Mwingereza ameifananisha na karamu. Hazina huwekwa ndani, ikafungwa, na mwenyewe akashika ufunguo. Karamu huandaliwa leo, ikaliwa, na ina wageni. Mfano wa Mwarabu unatufundisha ya kuwa kinaa ni ya mtu mwenyewe, haifunguliwi na mkono wa mwingine. Mfano wa Mwingereza, katika ile methali ya nne, unatutia neno ambalo methali yetu haikulitaja, nalo ni *kutosha*. Kwani hakusema kuwa kichache ni sawa na karamu, wala hakusema njaa ni sawa na karamu. Amesema *kinachotosha*. Basi yatupasa tuulize: ni kiasi gani kinachotosha? Na swali hili, ndugu zangu, mafakihi wetu wamelijibu zamani.

Kiasi cha kutosha katika madhehebu yetu

Katika madhehebu ya Imam Shafi'i (r.a.) jambo hili limo katika mlango wa ugawaji wa zaka, nalo huitwa *kifaya*. Wamesema: fakiri ni yule asiye na mali wala chumo linalofika mahali penye maana katika haja zake, kama mtu anayehitaji kumi naye hapati ila mawili au matatu. Na maskini ni yule apataye kitu kinachofika mahali lakini hakimtoshi, kama ahitajiye kumi akapata saba au nane. Angalieni: hata mwenye nane katika kumi sheria haikumwambia, "Kinai kwa nane," ikafunga kitabu. Imemwandika katika wenye haki, kwa ajili ya yale mawili yaliyopunguka.

Kisha wakahitalifiana apewe kiasi gani. Wako waliosema apewe kinachomtosha mwaka mmoja. Na Imam Nawawi, katika Minhaj ambayo wengi wetu tumeisoma mbele ya masheikh wetu, ameitia nguvu kauli ya kwamba apewe kitakachomtosha umri ambao kwa kawaida watu huishi. Na mafakihi wakafafanua: mwenye kazi ya mikono apewe vyombo vya kazi yake, na mfanyabiashara apewe rasilimali ya biashara yake, ili asirudi tena kuomba. Huu si mwendo wa sheria imtakayo fakiri anyamaze na ufakiri wake. Ni mwendo wa sheria imtakayo atoke humo.

Tena liko jambo lililo wazi zaidi. Katika Sura ya Al-Hajj, aya ya 36, pale palipotajwa wanyama wa sadaka, tumeamrishwa tule nyama yao na tuwalishe watu wa namna mbili. Na wa kwanza wao ameitwa *al-qani'*. Ni neno lile lile la methali yetu! Wafasiri wamehitalifiana: wengine wamesema ni aliyeridhika na alichonacho, asiyeomba; na wengine wamesema ni mwombaji, kwa kuwa neno hilo katika Kiarabu hubeba maana zote mbili. Tukishika kauli ya kwanza, basi tazameni ajabu ya jambo hili. Mwenye kinaa ametajwa katika Kitabu, na alipotajwa hakutajwa ili aachwe na kinaa yake, bali ametajwa ili alishwe. Na katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 273, wamesifiwa mafakiri ambao asiyewajua huwadhani ni matajiri kwa vile wanavyojizuia kuomba. Na wametajwa ili tujue ni nani wa kupewa.

Basi kinaa ya fakiri haiondoi deni lililo juu ya tajiri. Bali yaongeza, kwani mwombaji hukujia mlangoni, na mwenye kinaa ni juu yako wewe kumtafuta.

Khabari za Mamboya, na methali iliyokosa mahali pake

Yaliyotokea hapa katika siku za misafara yatatuonyesha jambo hili kwa mfano. Katika mwaka 1880 Seyyid Barghash bin Said wa Unguja alimtuma Luteni Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa askari wake, aje bara kuweka vituo vya kulinda njia ya Unyanyembe. Alipofika upande wa Mamboya aliambiwa ya kuwa watu wa Kirora wameishambulia misafara ya biashara. Kukawa na mapigano mafupi, wakauawa watano miongoni mwa wenyeji na wawili wakatekwa. Lakini alipochungua sababu aliona ya kuwa misafara iliyotangulia ndiyo iliyoanza kuwatendea wenyeji maovu, nao wakalipa kisasi. Mwisho wake ulikuwa mapatano, na askari 60 wakawekwa Mamboya kukaa daima. Na hata hao askari, wako wachache miongoni mwao waliokwisha pora nyumba za watu, hata wenyeji wakawaogopa mpaka walipopewa ahadi ya usalama.

Sasa tuseme amesimama mtu katika siku zile akataka kutoa mawaidha ya kinaa. Amwendee nani? Amwendee mtu wa Kirora aliyetendewa maovu, amwambie, "Mzee wangu, kinaa ni hazina"? Huo ni wizi wa pili juu ya wizi wa kwanza, kwani wa kwanza ulichukua mali na wa pili unachukua kauli ya kudai. Mwenye kustahiki kuambiwa alikuwa yule mwenye msafara, aliyetoka kwao na bidhaa zake, akaahidiwa faida yake, kisha akaona kijiji kidogo njiani akasema hiki nacho ni changu. Lau yeye angalikinai kwa kilicho chake, isingalihitajiwa bunduki hata moja Mamboya. Wala simsifu aliyeshambulia msafara wa watu wasiomkosea, maana kisasi kimwangukiacho asiye na kosa ni dhulma nyingine. Nasema tu kwamba kinaa ilitakiwa mwanzo wa njia, nayo ikatafutwa mwisho wake, baada ya watu kufa.

Wala tusidhani mambo haya yamekwisha pamoja na misafara. Katika Desemba 2000, katika wilaya hii yetu ya Kilosa, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni kwa ugomvi wa wakulima na wafugaji juu ya ardhi na maji. Katika ugomvi wa namna hii kila mmoja humwambia mwenziwe, "Ridhika na ulipo," wala hapana ajiambiaye yeye mwenyewe. Hapo hapatakiwi methali kwanza. Patakiwa mpaka ulio wazi na kadhi mwadilifu. Kisha, haki ikishajulikana, ndipo kila mtu aambiwe akinai kwa kilicho upande wake.

Na lililo dogo kuliko hilo, lakini la kila siku, ni gunia. Mkulima wa milima hii hulima mahindi yake kwa jembe na kwa mvua ya Mungu. Mnunuzi anakuja, analitaka gunia lijazwe, kisha liongezwe kichwa juu ya kinywa chake na kufungwa kwa kamba, ndilo liitwalo lumbesa. Na bei ni ya gunia moja. Sheria ya vipimo ya nchi inakataza gunia kupita kilo 100, na sheria ya Mwenyezi Mungu imekataza kabla yake. Katika Sura ya Al-Mutaffifin wameonywa wale wajipimiao kwa ukamilifu wanapopokea, na wapunguzao wanapowapimia wengine. Mkulima akinung'unika huambiwa, "Wacha tamaa, riziki ni kidogo kidogo." Ndugu yangu mnunuzi, ni nani hapa mwenye tamaa? Mwenye kutaka bei ya kilo alizotoa, au mwenye kutaka kilo ambazo hakuzilipia? Wahenga walisema, "Mla cha mwenziwe, na chake huliwa."

Kinaa si uvivu

Wako watakaosema, "Ukiwafundisha watu kudai haki umewaondolea kinaa, na ukiwafundisha kinaa umewaondolea bidii." Hawa wamechanganya mambo matatu ambayo kila moja lina mahali pake. Kinaa ni ya moyo, bidii ni ya mkono, na dai la haki ni la ulimi. Moyo wamridhia Mungu kwa alichogawa. Mkono wafanya kazi ulioamrishwa. Na ulimi wasema kweli mbele ya aliyedhulumu. Wala hapana kinachomzuia mwenziwe.

Ushahidi wake ni kisa cha Abdur-Rahman bin Auf (r.a.), kilichomo katika Bukhari. Alipohamia Madina hana kitu, Mtume alimfanya ndugu na Saad bin Rabi' (r.a.), naye Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdur-Rahman akamwombea baraka katika mali yake, kisha akauliza, soko liko wapi? Akaenda akauza na kununua mpaka akapata. Je, huyu alikuwa mwenye kinaa au mwenye bidii? Alikuwa mwenye yote mawili. Kinaa yake ilikuwa kutoitamani mali ya nduguye hata ilipokuwa halali kwake, na bidii yake ilikuwa kwenda sokoni asubuhi. Mwenye kulala barazani mchana kutwa akasubiri sahani ya jirani, akajiita mwenye kinaa, ameliiba jina. Huyo tumwambie kama walivyosema wazee wa pwani, "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu."

Na tofauti ya mwenye kinaa na mwenye pupa haionekani katika wingi wa kazi, yaonekana mtu anapokosa. Wote wawili walilima na mvua ikakatika. Mwenye kinaa alihuzunika, akamshukuru Mungu kwa kilichobaki, akapanda tena. Mwenye pupa alimchukia jirani aliyevuna.

Jawabu, na wasia

Sasa tumerudi kwenye swali letu. Twasema, na Mungu ndiye Mjuzi: methali hii asili yake ni ya mtu kujiambia nafsi yake. Mwenye nacho ajiambie kabla ya mwingine yeyote, kwani yeye ndiye akaribiaye hatari ya kuvuka kiasi. Fakiri naye ajiambie, ili moyo wake usiliwe na husuda, na imfae wakati wa kungoja. Mzee aweza kumliwaza nayo mjane, kwa sharti awe amemtazama jungu lake kwanza. Mwalimu na amfundishe nayo mtoto, kwani mtoto huyo kesho atakuwa mnunuzi wa mahindi. Ama tajiri anayemdaiwa na mchukuzi wake, haimfalii kuitamka hata herufi moja mpaka amlipe. Akishamlipa, ndipo wakae kitako wakaambiane.

Na aliyedhulumiwa akitaka kusamehe, hiyo ni daraja kubwa mbele ya Mungu. Walakini msamaha ni wa mwenye haki. Aliyedhulumu hana ruhusa ya kumsamehesha.

Basi nawausia, ndugu zangu, na najiusia mimi kabla yenu. Kila mmoja apime kifaya yake mwaka huu, kwa chakula, mavazi, makazi na karo ya watoto. Aliyefikia kiasi amshukuru Mungu wala asikimbilie cha wengine. Aliyevuna kwa mvua mtama, mpunga au mahindi ya kiasi cha wasaki tano, nazo ni karibu kilo 650, atoe sehemu ya kumi. Na aliyenywesha kwa gharama yake atoe nusu ya hiyo. Kisha asingoje mlango ugongwe. Amtafute yule jirani ambaye hajapata kuomba, ambaye kanzu yake ni safi na jiko lake ni baridi, ampe kwa siri. Huyo ndiye *al-qani'*, na haki yake imo katika ghala yako.

Ewe Mola wetu, tukinaishe kwa Ulichoturuzuku, utubarikie ndani yake, na usiifanye kinaa ya ndugu zetu kuwa udhuru wa ubakhili wetu. Amin.

Wabillahi ttaufiq.